Kukwatua, Kupaka na Kuvisha: Namna za Kuikinga Rangi ya Gari

1.0 Utangulizi

Mtu anunuapo gari nchini Kenya, jambo la kwanza analolitazama, hata kabla ya kufungua boneti na kuisikiliza injini, ni rangi. Rangi ndiyo uso wa gari. Gari linalong'aa huaminika kuwa limetunzwa, ilhali lililopauka hushukiwa kuwa na maradhi mengine ndani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo ili anunue gari, au kwa dereva wa teksi ambaye gari ndilo shamba lake, tofauti ya bei kati ya gari lililohifadhi rangi yake na lile lililoipoteza si suala la urembo tu. Ni sehemu ya akiba ya maisha.

Kutokana na hali hiyo, biashara ya kuikinga rangi ya gari imeenea katika miji mikubwa. Pana nta, polishi, mipako iitwayo ya kauri, na tando za plastiki zinazobandikwa juu ya bodi. Kila moja huuzwa kwa sifa kemkem, na mara nyingi kwa maneno ambayo mnunuzi hayaelewi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi rangi ya gari ilivyoundwa, mambo yanayoiharibu, na jinsi kila aina ya kinga inavyofanya kazi. Hoja kuu ni kwamba huduma hizi zote, licha ya wingi wa majina yake, hurejea katika vitenzi vitatu vya Kiswahili: kukwatua, kupaka na kuvisha. Anayevitofautisha vitenzi hivi anajua anachokilipia. Asiyevitofautisha huenda akalipa ili mali yake iharibiwe.

2.0 Muundo wa rangi ya gari

Watu wengi hudhani kwamba rangi ya gari ni kitu kimoja kilichopakwa juu ya bati. Kwa hakika, rangi ya gari la kisasa ni matabaka kadhaa yaliyopangana, na kila tabaka lina kazi yake.

Kiwandani, bodi la chuma husafishwa na kutiwa kemikali ya kuandaa uso wake, kisha huzamishwa katika birika kubwa la rangi ya msingi inayovutwa na umeme hadi ishike kila pembe. Kazi ya tabaka hilo ni kuzuia kutu. Juu yake hupulizwa praima, ambayo hulainisha uso na kuushikamanisha na tabaka linalofuata. Tabaka la tatu ndilo rangi yenyewe, ile inayolifanya gari liitwe jeupe, jekundu au la samawati. Hatimaye hupulizwa tabaka lisilokuwa na rangi yoyote, ambalo mafundi wetu huliita klia. Hili ndilo tabaka angavu, na ndilo linaloguswa na mkono, maji na jua.

Matabaka haya ni membamba mno. Kipimo chake ni mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika magari mengi, jumla ya matabaka yote yaliyotiwa kiwandani ni kati ya mikroni 100 na 150, na klia peke yake ni takribani mikroni 40 hadi 50. Ikumbukwe kwamba unywele wa kichwani kwa kawaida una unene wa mikroni 50 hadi 100. Kwa hivyo, kinachosimama kati ya rangi ya gari na jua la ikweta ni ngozi isiyouzidi unywele mmoja.

Hali haikuwa hivi tangu awali. Gari mashuhuri la Ford, Model T, lilitolewa kwa rangi nyeusi pekee kuanzia 1914 hadi 1925. Katika 1923, kampuni ya DuPont na ile ya General Motors za Marekani zilileta rangi iitwayo Duco, ambayo ilikauka upesi na kuwezesha magari kutiwa rangi nyingi. Hata hivyo, kwa miongo mingi rangi na mng'ao vilikuwa tabaka moja. Klia ilienea viwandani katika miaka ya 1980, na kuenea huko kulibadilisha maana ya kutunza rangi. Zamani kitambaa kiliposugua gari, kilitoka na rangi, na mwenye gari akaona kwa macho yake anachokipoteza. Leo klia husuguliwa ikaisha bila kitambaa kubadilika, kwa kuwa kinachoondoka hakina rangi.

Ndani ya klia mna kemikali zinazofyonza mionzi ya urujuanimno ili isiifikie rangi iliyo chini. Klia ikikonda, kinga hiyo nayo hupungua. Ikiisha kabisa, rangi huchujuka, na klia iliyosalia pembezoni huambuka kama gamba la nyoka anayejivua. Hali hii huonekana sana juu ya paa na boneti za magari makuukuu. Ikifika hapo, hakuna nta wala mpako utakaoirejesha. Dawa iliyosalia ni kukwangua na kupuliza rangi upya.

3.0 Maadui wa rangi

Adui wa kwanza ni jua. Kenya imekatwa na ikweta, na sehemu kubwa ya wakazi wake wanaishi nyanda za juu. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda juu ya usawa wa bahari. Jiji la Nairobi liko zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo baridi ya asubuhi isimhadae mwenye gari. Jua la adhuhuri ni kali hata pale lisipounguza. Kule Mombasa, Kilifi na Lamu, jua husaidiwa na chumvi inayobebwa na upepo wa bahari. Chumvi haiidhuru klia sana, lakini hupenya pale ilipochubuka na kuharakisha kutu.

Adui wa pili ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami si unga laini kama linavyoonekana. Ndani yake mna chembe za madini ya kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambamo almasi ni 10, kwazi ni 7, nayo kioo cha kawaida ni kama 5.5. Klia ni laini kuliko vyote viwili. Anayepangusa vumbi kavu kwa kitambaa kikavu anaiparuza klia kwa maelfu ya kucha ndogo. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoonekana kama utando wa buibui gari linapomulikwa na jua au taa.

Adui wa tatu ni vinyesi vya ndege na utomvu wa miti. Aliyewahi kuegesha gari chini ya migunga wanamotua korongo wa aina ya marabu jijini Nairobi anaujua uzito wa jambo hili. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki. Gari lilipokaa juani, klia hupata joto na kulainika. Baadaye hupoa na kukaza ikiwa imelizunguka lile donge. Alama inayobaki si uchafu bali ni kovu. Kinga yake kubwa ni haraka: kulowesha kwa maji, kungoja kidogo hadi donge lilainike, kisha kuliinua bila kusugua.

Adui wa nne ni kokoto. Kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, magurudumu ya malori hurusha vijiwe vinavyopiga uso wa boneti na bampa za magari yanayofuata. Kijiwe kimoja chaweza kutoboa matabaka yote hadi kwenye bati, na kutu huanzia hapo.

Adui wa tano ndiye anayesahaulika zaidi, naye ni mkono wa mwenye gari au wa mwoshaji aliyelipwa naye. Sabuni ya unga iliyokusudiwa nguo huondoa nta pamoja na uchafu. Kitambaa kimoja kilichopangusa magurudumu, kikaangukia changarawe, kisha kikarudi kwenye mlango, hubeba mchanga kama msasa. Kikulacho ki nguoni mwako.

4.0 Kukwatua

Kitenzi kukwatua ni cha kale katika Kiswahili, na maana yake ni kusugua kitu, hasa chombo cha madini, hadi king'ae. Ndicho kitenzi kinachofaa kuelezea kazi inayofanywa na polishi halisi ya gari na ile dawa nzito ambayo mafundi huiita kampaundi. Ndani ya dawa hizi mna chembe ndogo ngumu. Zinaposuguliwa kwa mkono au kwa mashine, hukwangua sehemu ya juu ya klia hadi ifikie kina cha mikwaruzo. Mkwaruzo hautoweki kwa kujazwa; hutoweka kwa kushushwa uso wote unaouzunguka.

Kukwatua kuna manufaa yake. Gari lililopauka kidogo huweza kurejeshewa mng'ao, na kovu dogo la kinyesi cha ndege laweza kufutika. Lakini kila mara kazi hii inapofanywa, klia hupungua kwa mikroni moja, mbili au zaidi, kutegemea dawa, mashine na mkono wa fundi. Mikroni 40 si hazina kubwa. Bandu bandu huisha gogo.

Hapa ndipo neno moja linapowapotosha wengi. Katika matumizi ya kila siku, polishi ni kitu kinachopakwa kwenye kiatu. Polishi ya kiatu kwa hakika huongeza: ni nta na rangi inayolisha ngozi. Mwenye gari anayesikia neno hilohilo hudhani kwamba gari nalo hulishwa. Basi huagiza lipigwe polishi kila mwezi, akiamini kwamba analinenepesha tabaka, kumbe analikondesha. Jina ni moja, ilhali vitendo ni viwili vinavyopingana.

Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa Kenya, ambako magari mengi huingia yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Kanuni za nchi haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka 8. Hii ina maana kwamba gari linaloitwa jipya na jirani laweza kuwa na rangi ya miaka saba, na huenda limekwatuliwa kabla ya kupigwa picha ya kuuzwa, likakwatuliwa tena likiwa katika ua wa muuzaji. Kiasi cha klia kilichosalia hakionekani kwa macho. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi juu ya bati. Kikionyesha kati ya mikroni 100 na 150, kwa kawaida rangi ni ile ya kiwandani. Kikionyesha mara mbili ya hapo, yamkini sehemu hiyo ilipulizwa upya, na kikizidi mikroni 1,000, chini yake huenda mna fila iliyojazwa kufichia mbonyeo. Kifaa hiki hakitenganishi klia na matabaka mengine, lakini humpa fundi mwangalifu sababu ya kusita.

5.0 Kupaka

Kupaka ni kuongeza juu ya klia tabaka jingine jembamba, ili uharibifu ulipate tabaka hilo kwanza. Wazo hili si geni kwa Waswahili. Mabaharia wa pwani walilijua karne nyingi kabla ya gari kuundwa. Mbao za jahazi na mashua zilizo juu ya maji zilipakwa sifa, yaani mafuta yaliyotokana na maini ya papa, ili jua na chumvi visizipasue. Sehemu ya chini, ile inayozama, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, chombo kililazwa ufuoni, kikakwanguliwa na kupakwa upya. Hakuna nahodha aliyetarajia deheni idumu milele. Ilikusudiwa iliwe badala ya mbao.

5.1 Nta

Nta ndiyo kinga kongwe zaidi ya rangi ya gari. Iliyo mashuhuri hutokana na mti wa jamii ya mitende uitwao karnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Majani yake hujitolea nta ili yasipoteze maji katika ukame, na nta hiyo huyeyuka kwenye joto la takribani nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, zaidi kuliko nta ya nyuki, ambayo huyeyuka ikiwa na nyuzi 62 hadi 64. Karnauba huchanganywa na mafuta na viyeyusho ili ipakike kwa kitambaa.

Nta hulipa gari mng'ao laini na kuyafanya maji yateleze. Udhaifu wake ni kwamba hudumu kwa majuma machache, na hupungua upesi zaidi gari linapooshwa kwa sabuni kali. Badala ya nta ya mimea, viwanda hutengeneza pia dawa za polima ambazo hufanya kazi hiyohiyo kwa miezi kadhaa. Ubora wa njia hii uko katika urahisi wake: mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe kivulini, bila mashine, na akikosea hakuna hasara kubwa.

5.2 Mpako wa kauri

Mpako uitwao wa kauri ni kimiminika chenye misombo ya silika iliyoyeyushwa. Kikipakwa juu ya klia iliyosafishwa, viyeyusho huruka, nayo misombo hujifunga kwenye uso wa klia na kukauka kwa msaada wa unyevu uliomo hewani. Tabaka linalobaki ni gumu kiasi na halioshwi kwa sabuni ya kawaida. Hudumu kwa mwaka mmoja hadi miaka kadhaa, kutegemea aina yake na matunzo.

Sifa yake kuu ni jinsi inavyoyakataa maji. Anayetaka kuielewa hana haja ya kwenda maabara. Na alitazame jani la nduma baada ya mvua. Maji hayatandai juu yake, bali hujikunja yakawa shanga zinazobiringika na kubeba vumbi. Mpako wa kauri haufikii ukamilifu wa jani hilo, lakini hufuata kanuni iyo hiyo. Tope na vinyesi havishiki sana, na uoshaji huwa mwepesi. Kila uoshaji unaokuwa mwepesi ni mikwaruzo kadhaa iliyoepukwa.

Hata hivyo, mpako huu umezungukwa na madai yanayohitaji kuchujwa. La kwanza ni unene. Kwa kawaida mpako wa kauri una mikroni moja au mbili tu. Tabaka la namna hiyo haliwezi kuzuia kokoto, wala halizuii mlango kubonyezwa na gari jirani. Hata mionzi ya jua huzuiwa nalo kwa kiasi kidogo. Mzigo mkubwa bado unabebwa na klia.

La pili ni ugumu. Matangazo mengi hutaja kipimo cha 9H, na wasikilizaji hudhani kwamba ni 9 kati ya 10 katika kipimo cha Mohs, yaani karibu na almasi. Sivyo. 9H ni daraja la penseli. Katika jaribio hilo, penseli za ugumu mbalimbali husukumwa juu ya uso uliopakwa ili kubaini ni ipi itakayoukwaruza. Penseli hizo ni za grafati na udongo, na hata iliyo ngumu kuliko zote haikaribii ugumu wa chembe ya kwazi iliyomo vumbini. Mpako ulioshinda penseli bado utashindwa na mchanga.

La tatu ni madoa ya maji. Shanga za maji zinazopendeza machoni huwa na madhara zikikaushwa na jua. Maji ya visima yenye chokaa na chumvi nyingi, kama yale yatokayo kwenye miamba ya matumbawe ya pwani, huacha duara jeupe kila shanga ilipokaukia. Gari lenye mpako wa kauri huhitaji kukaushwa kwa kitambaa laini baada ya kuoshwa, kama gari jingine lolote.

La nne ni kwamba mpako hufungia ndani kila ulichokikuta. Ukipakwa juu ya mikwaruzo, mikwaruzo itahifadhiwa vizuri.

6.0 Kuvisha

Kuvisha ni kuifunika rangi kwa utando mzima wenye unene unaoshikika. Asili ya utando huu inahusishwa na vita vya Vietnam, ambapo mchanga uliokuwa ukirushwa na upepo ulikuwa ukizila kingo za mapanga ya helikopta za Marekani. Kampuni ya 3M ilitengeneza ukanda wa plastiki ya poliurethini wa kuzikinga kingo hizo. Baadaye teknolojia hiyo ilihamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya kawaida.

Utando wa kinga wa leo huwa na takribani mikroni 150 hadi 200, yaani unene unaopita ule wa matabaka yote ya rangi ya kiwandani yakijumlishwa. Upande wa chini una gundi, na upande wa juu una mpako mwembamba unaonyumbulika. Kijiwe kikiupiga, plastiki hunyumbuka na kuisambaza nguvu ya pigo badala ya kuiachia nukta moja. Aidha, mikwaruzo midogo kwenye tando nyingi za kisasa hujifunga yenyewe ikipata joto la jua au maji ya moto. Mkato uliopenya haujifungi.

Kazi ya kuvisha huhitaji ustadi. Bodi husafishwa, utando hulainishwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili uteleze hadi mahali pake, kisha maji hukamuliwa kwa kipande cha mpira na kingo kukunjwa ndani. Vumbi likiingia chini yake, litaonekana kwa muda wote utando utakapodumu. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya kati ya miaka 5 na 10.

Mambo mawili hupaswa kuangaliwa. Kwanza, utando wa kinga usichanganywe na karatasi za plastiki ya vinili zinazobandikwa kwenye magari ya biashara ili kubadilisha rangi au kubeba matangazo. Vinili ni nyembamba zaidi, hainyumbuki vivyo hivyo, na lengo lake ni sura. Pili, gundi ya utando hushika kwa nguvu. Juu ya rangi ya kiwandani, utando waweza kubanduliwa kwa joto bila madhara. Juu ya rangi iliyopulizwa upya bila maandalizi mazuri, utando huenda ukabanduka na rangi yenyewe. Pia, rangi iliyopulizwa karibuni huendelea kutoa viyeyusho kwa majuma kadhaa, hivyo haifai kufungiwa mara moja.

Kasoro kubwa ya kuvisha ni gharama, ambayo huzidi mbali ile ya mpako. Lakini si lazima gari zima livishwe. Kokoto hupiga mahali panapojulikana: bampa ya mbele, ncha ya boneti, vioo vya pembeni na sehemu iliyo nyuma ya magurudumu. Kucha na pete hukwaruza vikombe vya vishikio vya milango. Anayevisha sehemu hizo tu, na kuzipaka nyingine nta au mpako, amepata sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya gharama.

7.0 Maandalizi na matunzo

Kinga yoyote, iwe ya kupaka au ya kuvisha, huanza kwa usafi. Gari huoshwa, kisha chembe za lami na za chuma zilizonasa kwenye klia huondolewa kwa udongo maalumu unaonata. Penye mikwaruzo mingi, na pale tu ambapo klia inaruhusu, hukwatuliwa kidogo. Baadaye mafuta yote hupanguswa kwa kileo kisafi ndipo mpako utiwe, paneli moja baada ya nyingine, kivulini. Gari lililopakwa mpako wa kauri huwekwa mbali na maji kwa siku moja hivi, na huoshwa kwa sabuni baada ya juma moja. Duka linaloahidi kumaliza yote haya kwa saa moja linauza jina la mpako, si mpako.

Baada ya hapo, uoshaji ndio huamua umri wa kinga. Gari limwagiwe maji kwanza ili vumbi lishuke lenyewe. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Gari lioshwe kutoka paani kushuka chini, wala lisioshwe bati likiwa moto. Taratibu hizi hazihitaji fedha nyingi, nazo huikinga klia kuliko chupa ya thamani iliyofuatwa na kitambaa kichafu.

Usalama wa fundi nao usisahaulike. Klia nyingi za kisasa zinazopulizwa hukauka kwa msaada wa kigumishi chenye isosaianeti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu ikivutwa pumuani. Fundi wa jua kali anayejifunga leso puani hajajikinga. Kinachohitajika ni barakoa maalumu na mahali penye hewa inayopita. Mteja anayeelewa jambo hili hatamshindilia fundi bei hadi akose fedha za kuununua uhai wake.

8.0 Majina na haki ya mteja

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba suala la rangi ya gari ni suala la lugha pia. Neno kauri humjengea msikilizaji picha ya sahani iliyochomwa tanuuni, ngumu na nene, ilhali kilichopo ni utando wa mikroni moja au mbili ambao haukuona tanuu. Neno filamu, likitumiwa kwa utando wa kuvishwa, humpeleka msikilizaji sinemani. Nalo neno polishi, kama ilivyoonyeshwa, huficha tofauti kati ya kuongeza na kuondoa.

Istilahi nzuri ni ile inayotaja kazi ya kitu. Mpako ni kinachopakwa. Utando ni kinachotanda. Kukwatua ni kusugua hadi kung'aa. Maneno haya yako katika lugha tayari na hayahitaji kubuniwa. Hata deheni, neno ambalo limebaki zaidi kwa mabaharia na katika kamusi, lina jambo la kufundisha: linataja tabaka linalowekwa ili liliwe na kupakwa upya, jambo ambalo matangazo ya kinga ya kudumu daima hayapendi kulitaja. Wasomi wa Kiswahili wamejitahidi kuunda istilahi za sayansi na sheria, na jitihada hizo ni za kupongezwa. Lakini istilahi inahitajika pia kwenye ua wa kuoshea magari, ambako mteja na fundi hupatana kwa Kiswahili hadi wafikie kiini cha huduma, kisha wakabaki na neno la kigeni ambalo kila mmoja analielewa kivyake. Tofauti hiyo ya uelewa hulipwa na mteja.

Maswali matatu yangetosha kumkinga. Je, kazi hii itaondoa sehemu ya klia au itaongeza kitu juu yake? Kitakachoongezwa kina unene gani, na kitadumu kwa muda gani? Klia iliyopo imepimwa? Fundi anayejua kazi yake huyajibu bila kusita.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kinachokingwa katika rangi ya gari ni klia, tabaka jembamba ambalo likishaondoka halirudi ila kwa kupulizwa upya. Kukwatua hulipunguza kwa ajili ya mng'ao, hivyo kufanywe kwa nadra. Kupaka huliongezea ngao ndogo ya kuliwa badala yake. Nta hufaa kwa majuma, nao mpako wa kauri kwa mwaka au zaidi, lakini hakuna kati yake kinachozuia jiwe. Kuvisha ndiko pekee kunakozuia pigo, na gharama yake hupunguzwa kwa kuchagua sehemu. Juu ya yote ni uoshaji wa kila juma. Mwenye gari asiye na uwezo wa mpako wala utando bado ana maji, kivuli, ndoo mbili na kitambaa safi, na akivitumia vizuri, rangi ya gari lake huenda ikaishi kuliko ile ya jirani aliyelipa maelfu ya shilingi kwa jina asilolielewa.